Soksi Zisizonuka

4 Februari

Mdogo wangu Kiluwiluwi,

Usitishike kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siku hizi tunazungumza kama watu wanaopishana ngazini. Mama mzima? Mzima. Wewe mzima? Mzima. Haya, mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Tena Mama anapenda kusomewa. Macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, lakini ukimpa bahasha anaipapasa, anaipima mkononi, anasema, "Hii ina karatasi mbili." Hakosei.

Mimi bado niko na darasa la sita, chumba kile kile chenye dirisha lisilofungika. Jana niliwapeleka watoto kijitoni kama ninavyofanya kila mwaka baada ya mvua za kwanza. Somo unalijua, maana wewe ndiye uliyelianzisha ukiwa na miaka saba: kila mmoja na mtungi wake wa kioo, anachota, anahesabu alichopata. Konokono wangapi, viluwiluwi wangapi, na wale viroboto wa maji wanaorukaruka kama vumbi lenye miguu. Miaka hii ya karibuni walikuwa wakipungua, lakini safari hii nilirudi na mitungi arobaini na mmoja ya maji ya kijani, basi. Konokono hakuna. Kiluwiluwi hata wa dawa hakuna. Binti mmoja akaniambia, "Mwalimu, hapa wapangaji wamehama." Darasa lote likacheka, nami nikacheka nao. Kicheko kiliniishia njiani.

Shemeji yako hajambo. Yuko kiwandani bado, chumba cha kuoshea, na tangu mwaka jana ndiye msimamizi wa zamu. Mama anamtangazia kila anayepita kwamba soksi za kiwanda chetu hazinuki kwa akili ya mwanawe. Juzi alikuja kijana wa kusoma mita ya umeme, akalazimishwa kuvua viatu ili Mama athibitishe kama amevaa za kwetu. Hakuwa amevaa za kwetu.

Watoto wameniuliza ile fedha iliyotiwa kwenye soksi inazuiaje harufu, nikajikanyaga. Niandikie kwa lugha ya darasa la sita. Wewe ndiye uliyeitengeneza hiyo dawa, wewe ndiye uieleze.

Dada yako

* * *

21 Februari

Dada, shikamoo. Mshikie na Mama miguu kwa niaba yangu.

Barua yako nimeisoma maabara, nimesimama kando ya sinki, koti jeupe mwilini. Nilipomaliza nilikuwa siko hapa tena. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya lile jiwe bapa la Mama la kufulia, pua inakaribia kugusa maji, na wewe umenishika kaptula kwa nyuma nisitumbukie. Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika mkono unakufa ganzi? Lakini hukuwahi kuniachia. Halafu Baba anateremka kutoka kwenye pampu ya maji, ananuka grisi, na swali lake lilikuwa moja tu. Hakuuliza tumesoma nini. Aliuliza, "Leo mmeona nini?" Ni miaka mitano sasa tangu atutoke, na bado nikifunga maabara jioni nalisikia swali hilo.

Waambie watoto hivi. Chukua fedha, hii hii ya pete na hereni, uigawe mpaka iwe chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Unywele mmoja wa kichwani, kwa upana wake, ungezipanga chembe elfu moja na bado ikabaki nafasi. Chembe hizo tunazibandika kwenye uzi wa soksi. Mguu ukitoka jasho, vijidudu huja kulila, na harufu ndiyo mabaki ya karamu yao. Fedha inapolowa huachia kitu kinachowaua wale vijidudu. Hakuna karamu, hakuna harufu.

Kuhusu konokono, usiwe na wasiwasi mno. Mvua zimekuwa chache, jua kali, viumbe huhamahama. Hutokea. Ila niambie, mlichota wapi hasa, juu ya daraja la kiwanda au chini yake? Nauliza tu. Na Mama, bado anapenda maji ya kijito ya kwenye pipa? Mpe ya bomba. Si kwa sababu yoyote, ni uzee tu, tumbo lake si la zamani.

Mdogo wako,
Kiluwiluwi

* * *

15 Machi

Mdogo wangu,

Nilimsomea Mama habari za jiwe na kaptula, akacheka mpaka akakohoa. Akasema si mkono wangu tu uliokufa ganzi; moyo wake pia, maana alikuwa akitazama kutoka dirishani kila siku akingoja siku nitakayokuachia.

Zile sentensi zako za mwisho sikumsomea. Nilizisoma mwenyewe mara tatu. Wewe hujawahi kuuliza kitu "tu".

Jumamosi nilikwenda na mitungi kumi, peke yangu. Mitano nilichota juu ya daraja la kiwanda, mitano chini. Ile ya juu imejaa uhai: viroboto wanaruka, konokono wameganda kwenye kioo, viluwiluwi wanne, mmoja ameshatoa miguu. Ile ya chini haina kitu. Utando wa kijani tu, na sasa naelewa kwa nini, kwa sababu viroboto ndio wanaoula ule ukijani. Mla akiondoka, chakula hutapakaa. Nimeipanga yote kwenye ubao wa dirisha jikoni, na kati ya mtungi wa tano na wa sita kuna daraja moja tu.

Shemeji yako aliporudi kazini akaiona. Alikaa, akavua viatu polepole.

"Hiyo mitungi ya nini?"

"Ya somo."

"Leo Jumamosi. Somo la nani?"

"Langu."

Akavisukuma viatu chini ya kiti. Kisha akasema, "Mke wangu, yale maji ya chini ya daraja yanatoka mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayefungua valvu kila mwisho wa zamu. Kama unatafuta mtu, uko naye mezani."

Sikuwa natafuta mtu. Ila sasa nina swali, na nakuuliza wewe. Barua yangu ya kwanza haikutaja daraja wala kiwanda kwa ubaya. Ulijuaje kuuliza?

Dada yako

* * *

30 Machi

Dada mpendwa,

Nimepokea barua yako. Mambo ya maji yana sababu nyingi: sabuni, rangi za nguo, mbolea za mashambani, hata joto. Mitungi kumi ni michache mno kutolea hukumu, wewe mwenyewe ni mwalimu wa sayansi unalijua hilo. Uchunguzi wa kweli huchukua misimu kadhaa. Nisingependa jambo hili liwe mazungumzo ya mtaa kabla halijathibitishwa.

Nimewatumia watoto kifurushi cha vitabu na hadubini ndogo tuliyokuwa hatuitumii. Nitakuja mwezi wa nane nikipata likizo.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako

* * *

12 Aprili

Kiluwiluwi,

Hadubini imefika, kioo hakikuvunjika, na watoto wanakushukuru. Mama aliipima bahasha yako akasema, "Hii ina karatasi moja, tena nyepesi." Nilipomaliza kumsomea akaniuliza, "Hiyo barua imeandikwa na nani?"

Wiki iliyopita mwalimu mkuu aliniita ofisini. Aliniongelesha kwa upole, akiwa ameegemea moja ya madawati mapya tuliyopewa na kiwanda. Alisema safari za kijitoni zinaweza kuwa hatari kwa watoto, kuna utelezi. Nikamwambia utelezi umekuwepo miaka ishirini. Akasema ndiyo, lakini mwaka huu umeonekana. Kwa hiyo sasa tunafundisha viumbe wa majini kwa picha.

Nina kumbukumbu moja ambayo wewe hukuitaja. Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa na vijisamaki sita kwenye beseni chini ya ngazi. Siku moja ukachukua buluu ya kufulia ya Mama ukaitia kwenye beseni, ili, ulivyosema baadaye, wajione wako angani. Asubuhi walikuwa wameelea wote. Hukumwambia mtu. Ulikwenda kijitoni kabla ya shule ukavua wengine sita, ukawaweka, maji bado yana buluu. Wakafa. Ukavua wengine. Siku tatu, vijisamaki kumi na wanane, mpaka nilipokufumania nyuma ya choo unachimba kashimo kwa kijiko. Hukulia kwa sababu ya samaki. Ulilia ukaniambia, "Dada, nilijua tangu wale wa kwanza."

Sikukuuliza kama mitungi kumi inatosha. Nimeuliza ulijuaje.

Dada

* * *

3 Mei

Dada,

Nilijua tangu wale wa kwanza.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla kiwanda hakijaanza kutumia dawa yangu. Nilipanga mitungi sita hapa maabara, viroboto wa maji kumi kila mtungi. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kuona, kama zamani. Mtungi wa kwanza sikuutia kitu. Mingine nilitia fedha yetu, kila mmoja zaidi ya mwenzake. Ule wa tano ulikuwa na kiasi hiki: uchukue tembe moja ya kutuliza maumivu, uisage, uigawe kwenye matangi kumi, kila tangi la lita elfu tano. Kidogo namna hiyo. Baada ya siku mbili, saba walikuwa wamelala chini na watatu wanazunguka upande mmoja tu, kama mshale wa saa mbovu. Katika mtungi wa tatu hawakufa, ila walizaa kidogo mno. Niliwahesabu wiki tatu. Mtungi wa kwanza ulikuwa na watoto zaidi ya mia moja. Wa tatu ulikuwa na wanne.

Kiumbe wa maji baridi huishi kwa kudra, dada. Maji yana chumvi kiduchu sana, naye kazi yake mchana na usiku ni kuivuta hiyo kiduchu iingie mwilini. Fedha huja ikaziba mlango huo. Anakufa kwa kukosa chumvi katikati ya maji yake mwenyewe. Kiroboto, konokono, kiluwiluwi, wote njia ni moja, ila wakubwa huchelewa. Na fedha haibaki kwenye soksi kama tulivyoahidi. Maji ya suuza ya kwanza na ya pili hubeba nyingi.

Nilimpelekea mkuu wangu daftari. Alilisoma lote, si mtu mvivu. Akalifunga akasema, "Kazi tuliyopewa ni harufu. Viroboto si wateja wetu." Mimi nilikuwa na siku nzima ya kumjibu. Kisha nikatia saini ripoti ya harufu, na daftari nikaliweka kwenye droo chini ya koti la akiba.

Unataka kujua kwa nini. Baba alikuwa amezikwa miezi mitatu tu. Nilikuwa sijaleta kitu nyumbani, miaka yote hiyo ya kusoma. Halafu Mama akanipigia, sauti yake imechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba: kiwanda kinafunguliwa karibu na nyumbani, na wamesema dawa yao ni ya mwanangu. Nikasikia watu nyuma yake wakipiga vigelegele. Ningesema nini, dada? Ningesema, Mama, subiri, nina mitungi sita?

Hivyo hasa ndivyo nilivyopaswa kusema. Najua.

Daftari nimelinakili lote, kurasa thelathini na mbili, zimo kwenye bahasha kubwa. Nakala nyingine nimeipeleka ofisi ya maji, kwa mkono wangu, nikaandika jina langu mbele. Kesho nitamwambia mkuu wangu. Shemeji sijui nimtazame kwa jicho gani. Mwonyeshe barua hii ukiona inafaa. Mama usimsomee. Nakuomba hilo tu.

Kiluwiluwi

* * *

20 Mei

Shemeji,

Salamu. Mimi si mtu wa kuandika, kwa hiyo vumilia.

Mke wangu alinipa barua yako nikiwa nakula. Sikumaliza chakula. Kwa muda wa siku mbili nilikuwa na maneno yako mengi, na ungekuwa karibu ungeyapata. Mimi nimetia mikono kwenye yale maji miaka minne. Nilikuwa najisifu kazini, nikisema hii dawa mjomba wa wanangu ndiye aliyeipika, haina shida. Vijana wa zamu yangu walikuwa wakiniuliza, mkubwa, yale maji ya kahawia yana nini, nami nawajibu, yana akili ya shemeji yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Ulinifanya nikudhamini bila kuniuliza.

Siku ya tatu hasira ilipungua ikabaki kazi. Jumatatu mwisho wa zamu sikuifungua valvu. Maji yakarudi nyuma, chumba cha kuoshea kikajaa mpaka vifundoni. Meneja akaja na viatu vyake vizuri, akasimama mlangoni.

"Valvu imekwama?"

"Haijakwama. Nimeifunga."

"Kwa amri ya nani?"

Nikamwonyesha ukurasa wako wa kumi na nne, ule wa mchoro wa mtungi wa tano. Nilikuwa nimeuweka ndani ya mfuko wa nailoni usilowe. Akausoma akiwa amesimama majini. Sitasema ni mtu mbaya. Alisoma mpaka chini, kisha akaniambia nirudi nyumbani nikasubiri kuitwa.

Leo ni siku ya tisa nasubiri. Dada yako amenigeuza msaidizi, ananipa mitihani ya darasa la sita nisahihishe. Kuna mtoto ameandika kwamba chura hupumua kwa magoti. Nimempa nusu alama, kwa kuwa amejaribu.

Sasa nisikilize. Mimi kile chumba nakijua kama sebule yangu. Maji machafu yenyewe ni suuza mbili, ya kwanza na ya pili. Zinazofuata ni safi au karibu na safi. Nyuma ya boila kuna matangi mawili ya zamani hayatumiki, hayavuji, nimeyagonga. Suuza zile mbili zikielekezwa huko zitakaa. Swali ni baada ya kukaa tufanye nini. Hilo ni lako. Ulitia, sema namna ya kutoa.

Shemeji yako

* * *

2 Juni

Shemeji,

Maneno uliyonibania ulikuwa na haki ya kuyasema yote. Siku utakayotaka kuyasema, nitakaa niyasikie.

Namna ya kutoa unaijua, hata dada anaijua, ila hatukuiita sayansi. Mvua ikinyesha Mama alikuwa akikinga maji ya paa kwenye pipa, yakawa na tope. Alichukua kipande cha shabu, akakizungusha majini huku akihesabu, kisha akatuambia, "Msiyaguse." Baada ya saa moja au mbili tope lote liko chini na juu maji meupe. Chembe za fedha nazo hufanya vivyo hivyo: shabu huzikamata zikashikana, zikawa nzito, zikazama.

Anza na ndoo, si tangi. Nimeandika vipimo kwenye karatasi ya pili. Maji ya juu msiyaachie kabla ofisi ya maji hawajayapima. Na lile tope la chini lisirudi kijitoni kwa njia yoyote. Likaushwe, lifungwe, kuna wanaoweza kuichuja fedha yake upya. Haitatoka yote. Hiyo ndiyo kweli. Lakini sehemu kubwa itatoka.

Mimi nimeondolewa kazini tarehe ishirini na sita. Mkuu wangu alinipa mkono, akasema ningekuwa na subira tungelitatua kimyakimya. Nilimwambia kimya nimekijaribu. Sasa niko kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la rangi, nafundisha kemia watoto wa jirani jioni. Msinihurumie, nalala vizuri kuliko zamani.

Nitakuja mwezi ujao.

Kiluwiluwi

* * *

17 Septemba

Mdogo wangu,

Umeandika "mwezi ujao" mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Kalenda yangu imechoka.

Nikupe habari kwanza. Ofisi ya maji walikuja watatu, wakiwa na daftari lako. Walifunga chumba cha kuoshea wiki sita. Wiki sita hizo mtaani hazikuwa nyepesi. Kuna watu hawakunisalimu, na mimi sikuwalaumu, kazi zilikuwa zimesimama. Kisha meneja mwenyewe akaja hapa nyumbani kumwita shemeji yako, maana hakuna mwingine anayejua mabomba yale. Matangi mawili yanafanya kazi. Shemeji yako hukoroga shabu kwa mti mrefu kama anasonga ugali wa jeshi. Kabla ya kila tangi kufunguliwa anapeleka chupa ikapimwe. Amekuwa mkali mpaka vijana wanamwita Daktari Tope.

Mwalimu mkuu ameruhusu safari tena. Amesema utelezi umekauka.

Kijito chenyewe sitakudanganya. Chini ya daraja ukijani umepungua. Wiki jana kwenye mtungi mmoja, wa yule yule binti wa wapangaji, tuliona viroboto wa maji watatu kwa hadubini yako. Watoto walipanga foleni kuwatazama. Konokono bado. Vyura bado. Afisa wa maji aliniambia fedha imelala kwenye tope la chini, na italala humo miaka. Nilikumbuka jinsi tulivyokuwa hatupati usingizi kwa kelele za vyura, na Baba akigonga ukuta kama vile watamsikia.

Sasa la pili. Nimekuwa nikimsomea Mama barua zako nikiruka. Nilidhani naruka vizuri. Jana aliomba zote, akazipanga mapajani kwa kuzipapasa, moja moja. Akatoa ile nene, ya mwezi wa tano. Akasema, "Hii uliisoma kwa pumzi moja. Barua nzito hivi haisomwi kwa pumzi moja. Isome tena, tangu juu, na usinifiche kama mtoto."

Nimemsomea, mdogo wangu. Yote, pamoja na lile ombi lako. Nisamehe. Alisikiliza mikono imetulia. Nilipomaliza aliniomba viatu vyake.

Dada

* * *

25 Septemba

Dada,

Viatu vya kwenda wapi? Alikwenda wapi? Alisema nini? Nimekupigia mara nane hupokei. Usininyamazie, nakuomba. Yeyote mwingine aninyamazie, si nyinyi wawili.

Kiluwiluwi

* * *

6 Oktoba

Mwanangu,

Anayeandika ni dada yako, lakini maneno ni yangu. Nimemwambia asipambe. Simu nilimkataza kupokea, kwa sababu nilikuwa sijamaliza kazi yangu.

Nimesomewa yote. Yale ya kufichwa yameniuma, sitasema hayakuniuma. Nimejisifia wewe mpaka kwa kijana wa mita. Lakini kuna jambo hulijui. Kiwanda kilipotaka kuja, walituita sisi wa ukingoni, nyumba tisa, tutie sahihi kwamba tumekubali maji yapite. Wenzangu walisita. Walikuwa wakitazamana. Mimi nikasema hiyo ni dawa ya mwanangu, leteni wino. Nikawa wa kwanza kuweka dole gumba, na wengine wote wakafuata kwa sababu yangu. Kwa hiyo usijifungie huko juu ya duka la rangi ukajifanya mkosaji peke yako. Huo ni uchoyo. Hata kosa unataka kulila peke yako, na mimi nipo.

Viatu nilivyoomba vilikuwa vya kwenda kwao. Dada yako alinishika mkono, kila alasiri nyumba moja au mbili, kadiri ya miguu. Nilibisha hodi, nikakaa, nikasema: Ile dawa ilikuwa ya mwanangu, na iliua kijito. Mwanangu alijua, akanyamaza, kisha akasema, na kwa kusema kazi imemtoka. Mimi niliwaambia mtie dole bila kujua. Nimekuja kuwaambia wenyewe.

Wengine walinipa maji ya kunywa. Mmoja alifunga mlango, nikamsikia analia ndani. Mumewe ni mmoja wa waliokosa kazi zile wiki sita. Mmoja akaniambia, mama, hata mimi niliona konokono wameisha, nikanyamaza, sikutaka kuharibu jina la mtoto wako. Nimekwenda nyumba saba, na ya kwangu ya nane.

Ya tisa ni ya yule rafiki wa baba yako, aliyefanya naye kazi kwenye pampu. Alipostaafu alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akaingiza maji ya kijito, akafuga samaki. Wewe hujaliona. Mwaka juzi samaki wadogo walikufa wote, akaagiza wengine, wakafa, akaagiza wengine. Aliwazika bustanini. Nimeambiwa na jirani yake wiki hii. Yeye mwenyewe hajawahi kunitamkia. Alimkataza na mkewe. Alisema, "Yule mama ana furaha moja tu tangu mwenzangu afe. Tusimguse." Akaligeuza bwawa kuwa shimo la takataka, na kila Ijumaa anakuja kunisalimu, ananiuliza habari zako, ananiambia mwanao ametuheshimisha.

Huko sikwenda. Dada yako alidhani miguu imechoka. Haijachoka. Hiyo si nyumba yangu ya kubisha, ni yako.

Sikuiti uje kuomba radhi kwangu. Hiyo imekwisha, nilimaliza nayo nilipokuwa navaa viatu. Nakuita uje ubishe mlango ule mwenyewe. Usiku usiende, nenda mchana akuone uso. Nitakusindikiza mpaka kwenye lango. Pale nitasimama, nikusikie ukisema hodi.

Mama yako

(Mwandishi naongeza: karatasi imelowa hapo kati kwa sababu yangu, si yake. Yeye ameshaanza kuuliza basi la Alhamisi linafika saa ngapi.)